Ukipewa mbwa wa sleji uwatunze, anza na miguu

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye banda la mbwa wa sleji, wale wanaovuta kigari cha kuteleza juu ya theluji, huku karibu na Fairbanks, Alaska, swali ni lile lile, hao mbwa hawagandi? Hawagandi. Husky, ndo mbwa wa sleji wa huku, ana kilo 20 hadi 25 hivi tu lakini manyoya yake ni tabaka mbili, na akilala anajikunja duara, mkia juu ya pua, theluji inamfunika na wala haamki. Joto ndo linamtesa. Nyuzi 20 chini ya sifuri anakimbia raha mstarehe, ikikaribia sifuri anahema ulimi nje, hapo punguza mwendo au ngoja usiku uingie.

Kinachomtoa mbwa safarini mara nyingi ni miguu. Theluji inaingia katikati ya vidole, inayeyuka kidogo alafu inaganda tena inakuwa kama gololi, na kila hatua ile gololi inasaga ngozi. Ndo maana tunawavalisha soksi za kitambaa kigumu zenye velkro, ule mkanda wa kunata. Piga goti ubavuni kwake, kunja mguu, toa barafu yote kwa vidole (vua glavu, utalia ila vua), vuta soksi mpaka mwisho kisha funga velkro, kidole chako kidogo kiweze kupita. Msimu wangu wa kwanza nilikaza kama nafunga gunia la mkaa, naogopa zisichomoke njiani, tukasimama baada ya saa mbili mguu wa mmoja umevimba, bosi hakusema neno, alinionyesha tu alama ya ule mkanda. Nilitamani ardhi inimeze. Ukikaza damu haifiki chini na mguu usio na damu ndo unaoganda. Soksi ikitoboka tupa, maana theluji inaingia na haitoki. Mbwa 12 ni soksi 48, na kila mkipumzika unazivua zote, mkiondoka unavalisha upya, kwa hiyo mgongo uuage mapema.

Maji sasa. Usijidanganye eti theluji ipo kila mahali watakula, wanachota kidogo kwa mdomo wakiwa mbioni ila haitoshi, na kuiyeyusha tumboni kunawala joto. Yeyusha mwenyewe kwenye sufuria kubwa, na anza na maji kidogo chini la sivyo sufuria inaungua na maji yananuka moshi mbwa wanakususia. Tia vipande vya samaki au mafuta ya nyama iwe supu, hapo wanakunywa mpaka wanalamba bakuli. Kuona kama mbwa kakauka, vuta ngozi ya mabegani uachie, ikichelewa kurudi mpe maji. Mafuta usiyaonee huruma, kwenye mashindano ya sleji ya Iditarod, toka mji wa Anchorage hadi mji wa Nome huku huku Alaska, kama kilomita 1,600, mbwa mmoja anaweza kuchoma kalori 10,000 kwa siku.

Kupumzika: wengi wanakimbia kwa muda wa masaa 6 wanalala masaa 6. Ukisimama piga nanga ya sleji kwanza, toa soksi, tandika nyasi kavu, bandika sufuria, kagua miguu na mabega. Wewe utakula mwisho.

Mtoni kuwa macho, maji hupanda juu ya barafu yakajificha chini ya theluji. Mbwa wa mbele akigoma kupita usimfokee, pengine kanusa usichokiona. Mwaka 1925 dawa ya dondakoo ilipokuwa inapelekwa Nome kwa kupokezana, kilomita 1,085, mwendesha sleji mmoja, Gunnar Kaasen, alifika mahali dhoruba ikawa haoni hata mbwa wake, akamwachia Balto, mbwa wake wa mbele, atafute njia. Na moose wa huku, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, mkwepe kabisa, mwaka 1985 mmoja alivamia timu ya mwendesha sleji Susan Butcher akaua mbwa wawili.

Sleji ikipinduka usiachie mpini, burutwa tu, maana mbwa hawatakusubiri.

Mbwa akikataa kula, hata kama anatikisa mkia anataka kwenda, usimrudishe kwenye kamba. Mtie kwenye mfuko wa sleji, funga zipu kichwa kibaki nje. Atawapigia kelele wenzake njia nzima kwa wivu, zoea tu.