Seskwi katika majina ya chumvi: maana yake, hesabu zake na namna ya kuipima

Kiambishi seskwi asili yake ni Kilatini, na maana yake ni moja na nusu. Ukikikuta katika jina la chumvi au oksidi, tafuta uwiano wa 3 kwa 2 ndani ya fomula. Mfano ulio karibu nasi ni magadi. Yale mabonge ya Ziwa Magadi, Kenya, kwa sehemu kubwa ni sodiamu seskwikaboneti, madini ambayo wanajiolojia huyaita trona.

Fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Hesabu sodiamu: 3. Hesabu kaboneti, pamoja na ile iliyofungana na haidrojeni: 2. Gawa, unapata 1.5. Maji ya fuwele, yaani yale yaliyofungwa ndani ya fuwele (2H₂O), usiyaingize katika uwiano huu, ila katika uzito lazima yahesabiwe: moli moja, kipimo cha wakemia cha idadi ya chembe, ina gramu 226, na kati ya hizo 36 ni maji.

Oksidi za chuma na alumini, Fe₂O₃ na Al₂O₃, nazo ni seskwioksidi, ila hapo 3 ni oksijeni na 2 ni metali. Ndizo zinazoshika fosfati katika udongo mwekundu wa kitropiki, mmea ukakosa fosforasi hata baada ya kuwekewa mbolea. Kwenye dawa, seskwihaidreti ni molekuli 3 za maji kwa kila molekuli 2 za chumvi. Ndiyo maana kibao cha pantoprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, cha miligramu 40 kinaweza kuandikwa kuwa kina miligramu 45.1 za pantoprazoli sodiamu seskwihaidreti. Dawa ni ile ile. Kilichoongezeka ni sodiamu na maji.

Jina pekee lisikutoshe. Fosforasi seskwisulfidi, iliyotumika katika viberiti vinavyowaka popote vikisuguliwa, ni P₄S₃, wala uwiano wake si moja na nusu. Jina la zamani limebaki tu. Kila mara dai fomula.

Kutambua unga mweupe usio na lebo, tumia joto na mizani inayosoma angalau gramu 0.1. Saga sampuli, iache ikauke kivulini kwa joto lisilozidi nyuzi 40, kwa sababu trona huanza kuoza taratibu ikikaribia nyuzi 60. Pima gramu 10 kwenye bakuli la kauri. Sufuria ya alumini haifai, maana alkali huila. Weka kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, funika, subiri ipoe, pima. Rudia kupasha na kupima hadi uzito usibadilike. Ukiiacha wazi wakati inapoa hufyonza unyevu wa hewa na kukupa jibu la uongo.

Seskwikaboneti safi hupoteza karibu gramu 3.0, yaani maji na kaboni dioksidi. Baikaboneti, ile soda ya kuokea, hupoteza 3.7. Soda ya kufulia yenye fuwele kamili hupoteza 6.3, na kaboneti kavu (Na₂CO₃ isiyo na maji) haipotezi kitu. Magadi ya sokoni mara nyingi hutoka chini ya 3.0 kwa sababu yana mchanga na chumvi ya kawaida, vitu ambavyo joto hilo haliviondoi. Yakizidi 3.0, shuku unyevu kwanza.

Hizi chumvi zisibadilishwe gramu kwa gramu. Pale maelekezo yanapotaka gramu 100 za kaboneti kavu, weka gramu 142 za seskwikaboneti ili kupata sodiamu ile ile. Hata hivyo, maji yake hayatakuwa makali sawasawa: myeyusho wa asilimia 1 wa kaboneti huwa na pH (kipimo cha ukali; juu ya 7 ni alkali) ya 11 na zaidi, wa seskwikaboneti karibu 10, wa baikaboneti 8.3. Kwa nguo za pamba tofauti hiyo si kubwa. Kwa sufu na hariri chagua iliyo pole zaidi.

Jikoni, magadi hulainisha maharage haraka kwa kuvunja pektini inayoshikilia seli, ila huharibu vitamini B1. Gramu 5 za seskwikaboneti zina sodiamu gramu 1.5, kiasi kikubwa kwa mwenye shinikizo la damu. Isitoshe, magadi ya asili, hasa ya maziwa ya Bonde la Ufa, yanaweza kubeba floraidi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuyachemsha hakuiondoi. Nyumba yenye watoto wadogo, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, uyapike bila magadi.