Kupima Mvuke wa Kemikali kwa Kihisi cha Mwanga wa Urujuanimno

Kihisi hiki huvuta hewa na kuipitisha mbele ya taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Molekuli ambayo mwanga huo una nishati ya kutosha kuing'oa elektroni hugeuka ioni, na ioni hizo huzalisha mkondo hafifu wa umeme ambao kifaa huuonyesha kama sehemu kwa milioni.

Jambo la kwanza, basi, ni kulinganisha taa na gesi inayotafutwa. Taa ya kriptoni, ambayo ndiyo iliyozoeleka, hutoa elektronivolti (kipimo cha nishati ya mwanga) 10.6, huikamata benzini inayohitaji 9.24 na amonia inayohitaji takriban 10.2, lakini haiioni kabisa metani, inayohitaji 12.6, wala kaboni monoksidi, inayohitaji 14. Kwa sababu hiyo, sifuri kwenye kioo si kibali cha kuingia ndani ya tangi. Taa ya argoni ya 11.7 huona gesi nyingi zaidi, ikiwemo methanoli, ila dirisha lake la lithiamu floridi huharibiwa na unyevu na halidumu. Kwa maoni yangu, itumike pale tu ile ya kwanza inaposhindwa.

Washa kifaa, kiache kitulie, kisha weka sifuri kwa hewa iliyopita kwenye kichujio cha mkaa amilifu. Baada ya hapo kisawazishe kwa isobutileni, gesi ya kulinganishia, kwa kawaida ya sehemu 100 kwa milioni. Tangu hapo kifaa huisoma kila gesi kana kwamba ni isobutileni. Ukiwa na hakika ya gesi iliyopo, zidisha namba kwa kizidisho kilichomo katika jedwali la mtengenezaji kwa taa hiyohiyo: kwa taa ya 10.6, kizidisho cha benzini ni takriban 0.5, kwa hiyo 40 ni 20 halisi, ilhali cha amonia hukaribia 10, na 40 ileile huwa 400. Kwa mchanganyiko usiojulikana, usizidishe chochote. Andika kwamba namba hiyo imesomwa kana kwamba gesi ni isobutileni.

Mvuke wa maji hushusha namba, na metani nyingi hufanya vivyo hivyo. Maji yakitonea ndani ya kihisi, namba hupanda hata pasipo gesi. Namba ikikataa kushuka katika hewa safi, kausha kihisi, safisha dirisha la taa ya 10.6 kwa methanoli isiyo na maji bila kuligusa kwa vidole, kisha sawazisha upya.