Umeandikiwa eksirei? Anza na atomu kwanza

Ukiandikiwa eksirei hapa Tanga, iwe hospitali ya Bombo au kituo kingine chenye mashine, mtaani hukosi wa kukwambia itakukausha damu, na hukosi wa kukwambia haina lolote. Waache wote, tuanze na atomu.

Mfupa, maji, hata chumvi, vyote vimejengwa na atomu, vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Katikati kuna kiini chenye protoni na nyutroni, nje kuna elektroni. Idadi ya protoni ndo inasema hiki ni nini, 6 ni kaboni, 82 ni risasi, ile metali nzito. Fanya uwanja wa Mkwakwani wote ndo atomu, basi kiini ni punje ya ulezi pale kati, na karibu uzito wote umo kwenye hiyo punje! Ila zinazoshikanisha atomu moja na nyingine ni elektroni, kwahiyo ukizing'oa hizo umegusa mwili wenyewe.

Sasa kila ukisikia "mionzi" jiulize swali moja tu: ina nguvu ya kung'oa elektroni? Kama inayo, atomu inageuka ayoni, ndo mana inaitwa mionzi ayonisha, na hiyo inaweza kukata DNA, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya seli zako, mwili unaziba sehemu kubwa lakini sio zote, na hapo ndo hatari ya kansa inapotokea miaka ya mbele. Simu, redio na maikrowevu hazina nguvu hiyo. Utrasaundi ya wajawazito ni sauti tu, msiiogope jamani.

Mionzi ayonisha ina aina zake. Alfa inazuiwa na ngozi tu, ubaya wake ni ukiivuta au kuila. Beta inasimamishwa na aluminiamu ya milimita chache. Gama na eksirei zinapenya, zinataka risasi au zege nene.

Mashine ya eksirei inarusha elektroni kwa umeme zikagonge chuma, mionzi inatoka hapo, ikizimwa imekwisha. Haibaki mwilini, ukitoka beba mwanao hapohapo, na akikwambia mtu unywe maziwa kuitoa mwambie hakuna cha kutoa. Picha ya kifua ni kama milisivati (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) 0.1 au pungufu, wakati ardhi, anga na chakula vinatupa wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Siti skani ya kifua, ile inayopiga eksirei nyingi kuuzunguka mwili, ni kama milisivati 7, hiyo muulize daktari inahitajika kweli, ni haki yako.

Dada, kama una mimba au siku zimechelewa sema KABLA hujaingia. Nenda na picha za zamani usije ukarudiwa bure. Msindikizaji akae nje, ikibidi kumshika mtoto aombe aproni ya risasi, na asogee mbali anapoweza, maana umbali ukiwa mara mbili kipimo kinashuka hadi robo.

Vijana wa chuma chakavu, hili lenu. Kuna vyuma ndani yake mna vitu ambavyo kiini chenyewe hakijatulia, hivyo havina swichi, vinatoa mionzi usiku na mchana. Goiânia, Brazil, 1987, watu walibomoa kifaa cha tiba kilichotelekezwa, ndani mna unga wa sizimu-137 unaong'aa buluu, wakaushika, wakagawana, wanne wakafa akiwemo mtoto wa miaka 6. Ukikuta chuma kina alama ya mapanga matatu kama ya feni kuzunguka kidoti usigonge, usikate, rudi nyuma, zuia watu wasisogee, uite polisi wawaambie Tume ya Nguvu za Atomu.