Kumtafuta kome mdogo kuliko ndengu katika vijito vya Nairobi

Kome ni mnyama wa majini mwenye magamba mawili. Wale wa jenasi ya Pisidium wengi hawafiki milimita 10, na wapo wanaokomaa wakiwa na milimita 2 au 3 tu. Tunawakanyaga tukivuka kijito, wala hatujui.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Usianzie katikati ya jiji, ambako maji taka yamemaliza hewa mtoni. Panda juu, kuelekea chemchemi. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, lakini humo usiingie: mimea imeelea juu ya maji, na mtu hudidimia. Tafuta kijito kinachotembea polepole, chenye tope laini na majani yaliyooza, kisha uombe ruhusa kwa wenye eneo.

Hatua ya 2: Vifaa. Gambuti, glavu, beseni jeupe, lenzi, na chungio la matundu yasiyozidi nusu milimita. Hapo kwenye chungio usilegeze. Mara ya kwanza nilibeba la chai, nikarudi mikono mitupu. Kumbe wadogo walikuwa wakipenya na kurudi mtoni.

Hatua ya 3: Chota tope la juu tu, sentimita 2 au 3. Ndimo wanamojifukia, wakichuja bakteria katika maji yaliyo kati ya chembe. Lisuuze kwenye chungio, taratibu.

Hatua ya 4: Mimina kilichobaki kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, kisha usiguse kitu. Subiri dakika kumi, hata zaidi. Tope litatulia, halafu kile ulichodhani ni punje ya mchanga kitafunguka kidogo. Mguu mweupe kama ulimi utatoka, utanyooka, utashika chini, na gamba zima litavutwa mbele kwa mshtuko mdogo. Bado napigwa na butwaa kila nikiona.

Hatua ya 5: Mtambue. Nundu ya gamba la Pisidium imesogea upande mmoja; ya binamu yake Sphaerium iko karibu na katikati. Mwinue kwenye mwanga. Gamba ni jembamba, na pengine utaona vivuli ndani: ni watoto. Kila kome huyu ni dume na jike kwa pamoja, na huwalea wanawe ndani ya matamvua hadi wawe na magamba yao. Watoto hao ni wachache, kwa hiyo ukimbeba mzazi umebeba na familia. Jina la spishi lisikuharakishe. Huamuliwa na meno ya bawaba, pale magamba mawili yanapoungana, chini ya hadubini.

Hatua ya 6: Warudishe pale pale ulipowatoa. Osha na ukaushe vifaa vyote kabla ya kwenda kijito kingine.