Menyu ya DVD ya harusi isimshtue mtazamaji: namna ya kushusha muziki wake

DVD ikiingia tu kwenye deki, wimbo wa menyu unaunguruma na mtu anakimbilia rimoti. Filamu ikianza, shehe au mchungaji hasikiki, rimoti inatafutwa tena. Televisheni haina kosa. Wimbo wa studio umebanwa hadi ukakaribia kikomo cha sauti, wakati maneno yaliyonaswa na maiki ya kamera ukumbini yako chini sana. Tofauti ya desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 hadi 18 kati yao ni jambo la kawaida.

Dawa ni kuupima muziki kwa kuulinganisha na filamu, maana sikio lililokaa saa nzima na hedifoni hudanganya. FFmpeg, programu ya bure, hupima hivi:

ffmpeg -ss 00:20:00 -t 60 -i harusi.mp4 -vn -af volumedetect -f null -

Hapo 00:20:00 ni mahali pa kuanzia. Weka dakika yenye maneno matupu, kwani ngoma na vigelegele vitapandisha kipimo. Mwishoni soma mean_volume, yaani wastani wa sauti. Tuseme ni -26 dB. Pima na wimbo kwa amri hiyohiyo bila -ss na -t, tuseme upate -11. Menyu ikae desibeli 3 hadi 6 chini ya maneno, yaani kama -30. Basi wimbo unashuka desibeli 19:

ffmpeg -i wimbo.mp3 -t 40 -af "volume=-19dB,afade=t=in:d=1,afade=t=out:st=38:d=2" -ar 48000 -ac 2 -c:a pcm_s16le menyu.wav

Asiyependa kuandika amri atumie Audacity, programu ya kuhariri sauti: Ctrl+A, kisha Effect, Amplify, aandike -19. Akihifadhi, achague WAV ya biti 16 na 48000 Hz, kwa sababu DVD ya video haitumii 44100 ya CD. Ukitaka kurekebisha tena, rudi kwenye wimbo wa asili. Ukishusha MP3, ukaihifadhi, ukaipandisha tena, kila mara unapoteza kitu.

Kuna wanaofanya kinyume, wanapandisha filamu ili ifikie menyu. Tazama kwanza max_volume (kilele cha sauti) ya filamu nzima, ukipima bila -ss na -t: ikiwa -2 dB, nafasi iliyobaki ni desibeli 2 tu, na ukizidisha hapo vigelegele vitakwaruza. Kushusha muziki ni salama zaidi.

Vipimo vikiwa sawa na menyu bado inatofautiana na filamu, shuku AC-3, namna ya kubana sauti inayotumika kwenye DVD. Sauti ya aina hiyo hubeba namba iitwayo dialnorm, na deki huitii: -31 haigusi kitu, -27 huteremsha sauti desibeli 4. Menyu na filamu zikitengenezwa na programu mbili tofauti, namba hizo huenda zisilingane. Ziwekee zote -31.

Sekunde 40 zinatosha. Menyu hujirudia, na deki nyingi husita kidogo zinaporudi mwanzo. Ndiyo maana amri ya juu inafifisha wimbo mwanzoni na mwishoni, ili mkato usisikike kama mkwaruzo. Epuka kipande chenye maneno ya kuimba. Kikirudiwa mara ya tano huku bibi akitafuta miwani, kinachosha.

Weka menyu.wav kwenye DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, kama sauti ya menyu, kisha tengeneza faili la ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) kabla ya kuchoma diski. VLC, programu ya kuchezea video, hulifungua pamoja na menyu yake, ila hakikisha sauti ya VLC iko 100%, kwani inaweza kupita hapo na kukupotosha. Ingia kwenye filamu, rudi menyu, ingia tena, bila kugusa sauti. Ukiridhika, choma DVD-RW moja (inayoweza kufutwa na kuandikwa tena) uijaribu kwenye deki na spika za televisheni yenyewe. Hizo hazitoi besi, kwa hiyo wimbo uliosimama juu ya besi utasikika mdogo kuliko ulivyopima, na hapo unaweza kuuongezea desibeli 2 kabla ya kuchoma nakala za DVD-R.