Kuchagua na kutunza makava ya duveti katika Nyanda za Juu Kusini

Anayenunua kava la duveti, yaani mfuko wa kitambaa unaovishwa duveti, lile tandiko nene la kujifunika, akiwa Mbeya, Njombe au Mafinga hana budi kujiuliza swali ambalo halimsumbui sana mnunuzi wa Dar es Salaam: kava hili likifuliwa mwezi Februari, litakauka lini? Mvua za Nyanda za Juu Kusini hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika maeneo kama Tukuyu, yanayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata nje ya msimu huo kamba ya kuanikia haina uhakika. Mvua zikikatika huingia baridi kavu ya Juni hadi Agosti, ambayo kule Makete na Kitulo huweza kugandisha umande juu ya majani. Kitambaa kinachofaa huku, basi, ni kile kinachostarehesha ngozi usiku wa Julai na ambacho pia kitakauka mwezi Machi kabla hakijaanza kutoa uvundo. Sifa hizo mbili ni nadra kukutana katika kitambaa kimoja.

Ni vizuri kwanza kutenganisha kazi ya duveti na kazi ya kava. Joto hutunzwa na duveti lenyewe, yaani na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi au manyoya yaliyojazwa ndani yake. Kava huongeza joto kidogo tu. Maduveti yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza, ambayo huonekana sana katika mitumba, huwa na lebo inayotaja kiwango cha joto kwa kipimo cha togi: 4.5 ni la majira ya joto, 10.5 ni la kati, na 13.5 ni la baridi kali. Kwa maoni yangu, chumba kisicho na dari huko Njombe kinastahili 13.5 mwezi Julai, wakati Iringa mjini 10.5 huwatosha watu wengi. Matandiko yakitosha, hakuna atakayeshawishika kulala na jiko la mkaa chumbani, tabia ambayo huua watu kwa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na ambayo haipaswi kufanywa hata kwa dirisha lililofunguliwa nusu.

Kwa kuwa kazi ya kava ni kugusa ngozi, kupokea jasho na kulikinga duveti lisichafuke, jambo la kuangalia ni namna kitambaa kinavyochukua maji na kuyaachia. Katika hewa ya kawaida, pamba hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu kava la pamba halikunatii mwilini usiku, na ndiyo sababu pia huchelewa kukauka. Poliesta, pamoja na ile laini sana inayouzwa kwa jina la maikrofaiba, hukauka haraka, haijikunji na haihitaji pasi, lakini jasho hubaki kati yake na ngozi, hivyo mtu huamka akiwa na unyevunyevu mgongoni ingawa nje kuna baridi kali. Flana, yaani pamba iliyosuguliwa hadi ikatoa manyoyamanyoya, ndiyo tamu kuliko zote kwa miezi ya baridi, kwa kuwa haina ule ubaridi wa dakika za kwanza unapojitupa kitandani; ila kati ya vitambaa hivi ndiyo inayokaa na maji kwa muda mrefu zaidi, na mtu wa Tukuyu ataijutia masika. Satini ya poliesta inapendeza kwenye picha, lakini duveti huteleza juu yake, na kucha iliyochongoka kidogo huvuta uzi.

Ushauri wangu ni kuwa na makava mawili kwa kila duveti, yote ya pamba au moja la flana na moja la pamba nyepesi, ili linalofuliwa lipewe muda wake wa kukauka bila kuharakishwa. Asiye na mahali pa kuanikia penye paa, au aliye na uwezo wa kununua kava moja tu, atafute mchanganyiko ambao pamba ni nusu au zaidi. Huo si utamu wa pamba tupu, lakini ni afadhali kuliko kujifunika kitu kibichi.

Sokoni, iwe ni Mwanjelwa jijini Mbeya au Soko Kuu la Iringa, karibu kila seti huelezwa kuwa ni kotoni. Muuzaji huenda anaamini anachosema, kwa maana naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia kwa jumla. Omba mfuko ufunguliwe, kisha tafuta lebo ndogo iliyoshonwa kwenye pindo, si karatasi yenye picha ya kitanda. Inua kitambaa kielekee mwangaza: kilichofumwa vizuri huonyesha mwanga uliosambaa sawasawa, kilicholegea huonyesha vijitundu na mistari. Kikunje pembeni kwa nguvu kwa sekunde chache uachie. Pamba hubaki na makunyanzi, poliesta hurudi ilivyokuwa. Ukifika nyumbani na bado una shaka, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, zishike kwa kibano juu ya sahani na uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kati ya vidole, ilhali poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Kuhusu idadi ya nyuzi inayoandikwa kwenye pakiti, ambayo ni hesabu ya nyuzi katika inchi moja ya mraba, 200 hadi 400 inatosha kabisa kwa pamba. Ukiona 1,000 kwenye seti ya bei rahisi, puuza namba hiyo.

Wengi hupoteza fedha kwenye vipimo. Vitanda vyetu huuzwa kwa futi, 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, wakati maduveti na makava ya kutoka nje huandikwa kwa sentimita. Kitanda cha 5 kwa 6 ni takriban sentimita 152 kwa 183, na duveti la 200 kwa 200 hukifunika vizuri likining'inia kidogo pande zote. Pima duveti, usipime kitanda, kisha chagua kava linalolingana nalo. Kava kubwa mno huliacha duveti likikusanyika kona moja. Hakikisha pia kwamba unachouziwa kina zipu au vifungo, kwa sababu seti nyingi zenye duveti jembamba, shuka na foronya mbili huwa na duveti lililoshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa cha nje, na hilo hulazimu kufua kila kitu kwa pamoja.

Wapo wanaopendelea kushonesha, nami ni mmoja wao. Kitenge cha yadi 6 hutoa upande mmoja mzima wa kava la 200 kwa 200, kwa kuunganisha vipande viwili vya mita 2.1, na kinachobaki hutosha uso wa foronya mbili. Upande wa chini, unaogusa mwili, ushonwe kwa marekani, ambayo ni pamba ghafi na hulainika kila inapofuliwa. Sharti ni moja: vitambaa vyote viwili vilowekwe, vifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo marekani itasinyaa baadaye na kukivuta kitenge hadi kava lipinde. Mwambie fundi aweke vikamba vinne ndani ya kona na vingine vinne kwenye duveti. Ukitaka kulivisha, geuza kava nje ndani, funga vikamba vyote, kisha ingiza mikono hadi kona za mbali, zishike pamoja na duveti na uligeuze.

Kava jipya lenye rangi nzito lifuliwe peke yake mara ya kwanza, kwa maji ya baridi. Chumvi ambayo wengi huiweka ili kushika rangi haisaidii kitu kwa rangi nyingi za kiwandani. Kinachosaidia ni kusuuza hadi maji yawe meupe. Baada ya hapo, kufua mara moja kila wiki moja au mbili kunatosha, kava likiwa limegeuzwa na zipu imefungwa. Maji ya nyuzijoto 40 huondoa uchafu wa kawaida, ila mwenye pumu au mafua ya vumbi anahitaji nyuzijoto 60, kiwango kinachoua wadudu wadogo wa vumbi. Damu ilowekwe katika maji baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha. Jiki itumike kwa pamba nyeupe tu, kidogo na kwa nadra, kwani hudhoofisha nyuzi, na kamwe isichanganywe na siki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Usilikamue kava kwa kulisokota, kwa sababu mishono ya kona ndiyo hukatika kwanza. Likunje ndani ya beseni, likandamize kwa viganja, kisha lianike juu ya kamba mbili zilizotengana kiasi cha urefu wa mkono, mdomo ukiwa wazi upande wa chini, ili upepo upite katikati. Jua la miinuko hii, licha ya ubaridi wake, ni kali kuliko linavyodhaniwa, nalo hufifisha rangi. Upande wa nje ubaki ndani. Anua kabla ya saa kumi na moja jioni, umande haujaanza. Siku za mvua tumia veranda, na kabla ya kukunja gusa mishono na zipu kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hujificha na ukungu huanzia. Duveti lenyewe halihitaji kufuliwa mara kwa mara kama kava. Litoe nje likapigwe na upepo asubuhi kavu, na masika lisifungiwe ndani ya mfuko wa nailoni. Lihifadhi katika shuka kuukuu la pamba, juu ya rafu isiyogusa ukuta.