Kustaafu na Kurudi Kihambani: Namna ya Kuupita Mwaka wa Kwanza

Wengi wanaostaafu Moshi mjini hujiandaa kwa pesa tu: kiinua mgongo kitaingia lini, nyumba ya kijijini Kibosho itaezekwa na nani. Kichwa hakiandaliwi. Miezi mitatu baadaye mtu yuko barazani saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, simu haiiti, na ameshagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi.

Anza na hesabu. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Holmes na Rahe, waliyapa mabadiliko ya maisha alama kulingana na uzito wa kuyazoea. Kufiwa na mwenzi ni 100, kustaafu 45, kubadilika kwa hali ya fedha 38, kuhama makazi 20. Alama hizi si kipimo cha damu, lakini zinajumlishwa: anayestaafu, akapungukiwa kipato na kuhamia mlimani mwezi huohuo amefika 103. Basi yatenganishe. Baki mjini miezi mitatu ya kwanza, panda kihambani (shamba la ukoo huko mlimani) mara mbili kwa wiki, ulale huko siku moja.

Kisha chukua daftari, uandike kazi ilikupa nini zaidi ya mshahara: ratiba, watu, cheo. Kila kimoja kitafutie mbadala wake.

Ratiba ni rahisi. Amka saa ileile, na saa mbili uwe umeshatoka nje ya geti, hata kama unakwenda Mbuyuni kununua ndizi tu.

Watu: usingoje wa ofisini wakupigie, wana kazi. Chagua wawili, mpange siku maalumu.

Cheo ndicho kinachowaangusha wengi. Mjini ulikuwa bosi au mwalimu mkuu. Kijijini wewe ni mtoto wa fulani aliyerudi. Mdogo wako aliyebaki ndiye anayejua zamu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), mpaka wa shamba ulipo, na nani anamdai nani. Ukifika na amri wiki ya kwanza (ng'oa hii migomba, hamisha zizi), mtanuniana mpaka Krismasi, ukoo wote ukirudi ukute kesi. Msimu mmoja mzima wa masika uwe wa kuuliza na kushika jembe chini yake. Inauma, ndiyo. Ila ndiyo njia fupi kuliko zote.

Kwa mkeo nyumbani hali ni hiyohiyo: ana ratiba yake ya miaka, na jiko si ofisi mpya. Muulize ni saa ngapi anapenda awe peke yake.

Pesa usiifanyie uamuzi mkubwa kabla ya miezi sita. Mtu aliyepoteza cheo hununua gari la biashara ili tu aitwe bosi tena. Hata miche ya kahawa huchukua kama miaka mitatu kuzaa, kwa hiyo usiitegemee kwa ada ya mjukuu mwakani.

Siku mbaya zitakuja na kupita. Ila huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, usingizi ukikatika alfajiri, chakula hakipiti, au pombe ya mbege imeanza kabla ya saa sita mchana, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC. Mwambie daktari lini ulistaafu na kipi kimebadilika tangu hapo. Ukisema kichwa kinauma tu, utarudi na vidonge vya maumivu.